Ukoo wa Mbu wa Mzee Mapipa

3 Machi

Nimekubaliwa. Profesa amesaini mpango wangu wa utafiti huku akila karanga, kwa hiyo juu ya jina langu kuna alama ya mafuta, lakini saini ni saini. Msimu huu wote wa mvua nitatega mbu katika vyumba viwili vya kulala, cha kwetu na cha jirani, vinavyotenganishwa na ukuta mmoja wa uani, halafu nitapima vinasaba vyao nijue nani ndugu wa nani. Nikimaliza salama, nina shahada ya pili. Nisipomaliza, nitaendelea kuosha vichupa vya vijana waliomaliza kabla yangu, ambao siku hizi wananiita shangazi.

Kuandika shajara nalo ni agizo la Profesa. Anasema mtafiti asiyeandika ni mpita njia tu.

4 Machi

Leo nimefanya kosa la kumweleza Mama kazi yangu vizuri. Mama ni mama wa mume wangu. Tunaishi naye, au tuseme yeye anaishi na sisi tunaruhusiwa.

Nilimwambia hivi: mbu wetu hawa wanaouma usiku, ukiwatazama ni wamoja. Sura ile ile, miguu ile ile, hata darubini haiwatofautishi. Lakini ukipima vinasaba unakuta ni spishi mbili zilizo karibu sana, na kule maabara tunawaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Bi Mkubwa anapenda kuingia ndani na kunywa damu ya mtu. Bi Mdogo anapenda kukaa nje, na akipata ng'ombe hana haja na wewe.

"Huyo Bi Mkubwa mnamsema nani?" Mama akauliza.

"Mbu, Mama."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea. Hata Bi Mkubwa kwa Bi Mkubwa hawafanani, nikasema, kila dimbwi lina ukoo wake. Hapo Mama akaacha kuchambua maharage.

"Kwa hiyo unaweza kujua mbu fulani kazaliwa kwa nani?"

"Kwa kiasi."

"Kiasi kinatosha," akasema, na akatabasamu kwa namna ambayo ilipaswa kunishtua.

Maana Mama ana kesi. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ni zimamoto mstaafu ambaye amepanga mapipa ya maji ya mvua nyuma ya nyumba yake, mengi mno, na mtaa mzima unamwita Mzee Mapipa. Mama anaamini kila mbu aliyewahi kumuuma katoka kwenye mapipa hayo. Amempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa mara kadhaa, na kila mara mwenyekiti anamwambia alete ushahidi. Wiki iliyopita alichoka kusubiri, akaita fundi, akachimbisha mfereji mrefu upande wetu wa ukuta ili maji yakimwagika kwenye mapipa yasiingie uani kwetu. Sasa ushahidi umejileta wenyewe, tena umeolewa na mwanawe.

Mume wangu, ambaye ni kinyozi na husikia ugomvi wa watu kutwa nzima, alisema neno lake la kawaida: "Mimi simo."

5 Machi

Nimekwenda kumwomba Mzee Mapipa ruhusa ya kutega chumbani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akauchukua mtego wangu wa taa na feni, akaugeuza juu chini.

"Betri hii inapata moto?"

"Hapana, Mzee."

"Pazia likiangukia taa?"

Hakunipa ruhusa mpaka tumesogeza pazia, kitanda na picha ya marehemu mkewe. Kisha akanionyesha mapipa. Kila moja lina mfuniko, na chini ya mfuniko chandarua kimefungwa kwa kamba ya mpira. Nikamuuliza maji yote haya ya nini, na yeye peke yake. Akasema moto haupigi hodi. Nilirudi nyumbani kwa kuruka mfereji wa Mama.

9 Machi

Hakuna mvua. Mitego yote miwili: mende mmoja.

10 Machi

Mende. Nahisi ni yule yule.

15 Machi

Mvua. Imeshuka mchana kama imetumwa. Mama alisimama mlangoni akitazama mfereji wake unavyojaa, ameridhika, akaniita nije nione. "Tone moja halivuki," akasema. Maji yalikuwa safi kabisa, unaona chini. Nikasema kweli fundi amefanya kazi.

(Nyongeza ya Mei: mimi ndiye mtaalamu wa mbu, na nilisema hivyo. Naliacha neno hili hapa kama lilivyo.)

28 Machi

Wamekuja. Wetu wengi, wa Mzee Mapipa wachache. Nimewatia kwenye vichupa vyenye punje za kukaushia, vyetu nimeandika N, vyake nimeandika J, vyote ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Kanuni inasema vifike maabara siku hiyo hiyo.

Mama aliniuliza J ni nini. Nikamwambia ni jirani.

2 Aprili

Profesa ameita kikao cha watu wawili. Mbu wa upande wa jirani hawatoshi. Yule mzee analala ndani ya chandarua, kafunga madirisha wavu, hata mlango wa choo una wavu. "Ukiwa na upande mmoja tu," Profesa akasema, akimenya karanga, "huna utafiti. Una hadithi." Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

3 Aprili

Nimelia jikoni. Nilidhani niko peke yangu. Mama aliingia, akanikuta nimeshika mwiko nisijue nakoroga nini, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia: hakuna aliyekufa, Mama, ni mbu, kwa jirani hakuna mbu, na bila mbu wa jirani nitaosha vichupa mpaka nizeeke. Akanipokonya mwiko, akasema nenda kalale, chakula kinaungua.

Siku zote nimemwona kama mtu wa kunikagua. Leo alinifunika shuka.

4 Aprili

Mama kasafiri kwenda kwa mdogo wake, ng'ambo ya milima. Ghafla tu. Kabeba begi na chupa mbili tupu za jemu. Sikuuliza za nini.

8 Aprili

Nyumba ina amani mpaka inaboesha.

10 Aprili

Mto umepanda, daraja la kwenda maabara limefungwa. Kopo la biskuti limebaki juu ya kabati, na kanuni imebaki maabara.

11 Aprili

Mama karudi na uchangamfu usioelezeka. Aliuliza hali ya mbu kabla ya hali ya mwanawe. Nikamwambia kwa jirani bado ni wale wale wawili watatu. "Mungu hamtupi mja wake," akasema, akaenda kufungua begi lake akiwa amefunga mlango.

15 Aprili

Daraja limefunguliwa, nimepeleka kopo. Siamini. Vichupa vya J vimejaa. Nilipokuwa natia mbu asubuhi, sikuwa nahesabu, nilikuwa napiga miayo. Sasa mezani, chini ya darubini, ni kundi zima. Kuna walio bapa kabisa kama wamepigwa kandambili, na mmoja ana uzi mwekundu wa sweta mguuni. Nimelaumu feni ya mtego. Profesa kaja kuangalia, akanipa karanga kwa mkono wake. Watu wa maabara waliacha kazi wakatazama, maana hakuna aliyewahi kuona jambo hilo.

18 Aprili

Sehemu ya pili ya kazi: viluwiluwi. Ili kujua mbu wa chumbani kazaliwa wapi, lazima nichote watoto wa mbu katika kila maji yaliyosimama karibu, halafu nione ni ndugu na nani. Nimefungua mapipa ya Mzee Mapipa moja baada ya jingine, na yeye pembeni ameshika tochi mchana. Hakuna kitu. Maji matupu, ningeweza kuyanywa.

Tulipofika la mwisho aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Zamani, kazini, waliitwa kwenye nyumba inayowaka, wakafika upesi, wakafungua mpira, na gari halikuwa na maji. Mtu wa zamu hakujaza. "Tulisimama na mpira mkononi, binti yangu. Watu wanatutazama." Hakuniambia nani alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Alifunga kamba ya mpira kwenye pipa, akaijaribu mara mbili, akaniuliza kama nataka chai.

Kurudi, nikachota na kwenye mfereji wetu, kwa sababu mpango unasema kila maji. Upawa mmoja tu na viluwiluwi wanacheza humo kama watoto wametoka shule. Nimeandika M kwenye kichupa. Sikutaka kufikiri zaidi, nikaenda kukuna nazi.

27 Aprili

Naandika kwa haraka, mwandiko usamehewe.

Majibu ya mashine yametoka. Upande wetu: Bi Mkubwa, kama ilivyotarajiwa. Upande wa jirani: Bi Mkubwa wachache, na kisha wengine. Si Bi Mkubwa, si Bi Mdogo. Sura moja nao, lakini vinasaba vimeachana nao kama watu wa nyumba moja waliogombania shamba vizazi vingi vilivyopita. Profesa alirudia kipimo mwenyewe. Kisha mara ya tatu. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema polepole: "Huu ni ukoo ambao sijawahi kuuona popote."

Utatangazwa kwenye mkutano wa wataalamu mwezi ujao. Jina langu litakuwa la kwanza, la Profesa la mwisho, na katika taaluma yetu hizo ndizo nafasi za heshima. Kijana mmoja wa maabara ameniita dada.

Nyumbani nilimwambia mume wangu, nikamsihi asimwambie mtu. Akasema, "Mimi simo." Mama alifunika uso kwa upande wa nguo yake. Nadhani alilia kwa furaha.

29 Aprili

Kumbe kinyozi akisema hayumo, hayumo mpaka mteja akae kwenye kiti. Mtaa mzima unajua. Tena habari imenenepa njiani: kwa Mzee Mapipa kumezuka mbu mpya asiyesikia dawa, mwenye meno.

3 Mei

Muuza mkaa hapiti tena kwa Mzee Mapipa. Wazazi wanawavusha watoto upande mwingine wa barabara. Leo nilimkuta anafagia mbele ya mlango wake, pamefagiliwa tayari, akaniuliza bila hasira: "Binti, ni kweli wametoka kwangu?" Nikasema ndivyo vinasaba vinavyoonyesha. Akaitikia kwa kichwa, mtu wa serikali anayeheshimu ripoti.

Mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao cha wakazi tarehe 13. Ajenda ni moja: mapipa yamwagwe yote na yaondolewe. Mama amepiga pasi gauni lake la vikao.

6 Mei

Mchana, jikoni. Mama yuko kwenye unga, mikono yote miwili. Simu yake inaita. "Nipokelee, weka sauti," akaniambia. Nikaweka. Alikuwa ni mdogo wake wa ng'ambo ya milima, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mtu aliye bonde jingine.

"Dada, salama? Nilikuwa nauliza, wale mbu niliokukamatia walifaa? Maana wengine niliwabonda kidogo, unisamehe, mmoja alikuwa kwenye sweta langu."

Nilitazama simu. Mama alitazama unga. Simu ikaendelea: "Haloo? Mkwe kapata hiyo digrii yake?"

Mama akasema, "Nitakupigia."

Nikamuuliza: Mama, umefanya nini. Akasema hakufanya baya. Mimi nililia, yeye akasikia, mbu ni mbu, wote sura moja, nimesema mwenyewe hata darubini haiwatofautishi. Kwa mdogo wake wapo wa bure. Alikuja nao kwenye chupa za jemu, akasubiri nimeenda kuoga, akawagawa kwenye vichupa vya J kwa haki, kila kichupa kidogo kidogo.

"Na kwa nini J, Mama? Kwa nini usitie hata mmoja kwenye N?"

Hapo akakanda unga kwa nguvu. "Wewe ulisema wa jirani ndio hawatoshi," akasema. "Kama na mapipa yangeondoka, ni Mungu tu."

Nimekasirika. Nimejikasirikia zaidi. Kopo lilikaa juu ya kabati siku zote zile kwa sababu yangu, na nilipoona mbu mwenye uzi wa sweta nikalaumu feni.

7 Mei

Nikinyamaza, nina shahada, nina jina la kwanza kwenye ugunduzi, na Mzee Mapipa hana mapipa. Nikisema, nina sinki na brashi.

Mama haongei na mimi, anapitia kwa mume wangu. "Mwambie mkeo chai ipo." Mume wangu ananigeukia: "Chai ipo." Nami niko pale pale, nashika kikombe.

8 Mei

"Mwambie mkeo mvua inakuja, aanue nguo." Nimeanua.

9 Mei

Nimemwambia Profesa. Yote: kopo, daraja, chupa za jemu, sweta. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa haraka, nikitazama alama ya mafuta kwenye mpango wangu. Profesa hakunikatiza. Bakuli la karanga lilikuwa mbele yake na hakuligusa, na hilo ndilo lililonitisha. Mwisho akasema: "Nenda nyumbani."

Nimekwenda nyumbani. Njiani nilipita sokoni nikaangalia bei ya glavu za kuoshea.

10 Mei

Hakuna simu. Mvua tu. Nimeruka mfereji nikakosea, nimelowa mpaka magotini.

11 Mei

Profesa kapiga alfajiri, kabla sijapiga mswaki.

"Mama mkwe wako mdogo anakaa wapi hasa?"

"Ng'ambo ya milima. Kule baridi."

"Kule baridi hakuna mtu aliyewahi kutega. Tumekuwa tukisema mbu hawa hawafiki." Nikasikia ganda la karanga likivunjika. "Sasa sikiliza. Ukoo ni wa kweli, anwani ndiyo ya uongo. Sitatangaza kitu mpaka twende tukatege wenyewe, kwa kanuni. Na huyo mama awe mwenyeji wetu, ila asishike kandambili."

Nikashukuru. Akasema nisishukuru bado. Vichupa vyote vya J vilivyolala juu ya kabati vimefutwa, upande wa jirani nitauanza upya mvua zijazo, na shahada itasubiri mwaka mzima. Mpaka hapo ninaosha vichupa. Nimekubali. Nimelia kidogo pia, lakini nimekubali.

Kisha akaniambia majibu ya viluwiluwi yametoka, akanisomea. Nimekaa kitandani nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Kikao ni keshokutwa.

13 Mei

Kikao kilikuwa ukumbini, na ukumbi ulijaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Mama alikaa mbele kwenye gauni lake la vikao. Mzee Mapipa alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa sare yake ya zamani ya zimamoto, imembana, vifungo vimeng'arishwa. Nadhani alitaka waone ni nani wanayemnyang'anya maji.

Mwenyekiti alisema maneno mengi kuhusu usafi, kisha akasema wanaokubali mapipa yaondolewe wanyooshe mikono. Mikono ilikuwa imeanza kupanda nikasimama. Sikupewa nafasi, nikaichukua.

Nilisema: mimi ndiye niliyewapima mbu hao. Wale wa ukoo mpya hawakuzaliwa kwenye mapipa. Hawakuzaliwa hata mtaani hapa. Waliletwa.

"Na nani?" mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, ambalo ndilo la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza. Mume wangu, nyuma, alikuwa anasoma dari. Niliwaza kusema ni mimi, maana kopo lilikuwa langu, na nikafungua mdomo niseme hivyo.

"Na mimi," Mama akasema.

Alisimama, akageuka ukumbi mzima umwone. "Nimewatoa kwa mdogo wangu. Mkwe wangu alikuwa analia, na huyu mzee nilikuwa simpendi. Nikaona safari moja itatosha kwa yote mawili. Mkwe hakujua. Amejua juzi juzi tu, na hazikupita siku nyingi akaenda kusema kwa bosi wake, na amekosa digrii mwaka huu kwa kusema kweli. Basi mjue." Akataka kukaa, kisha akasimama tena, akanitazama moja kwa moja, bila kumpitia mume wangu. "Na wale wa kwetu? Wanaotuuma sisi? Hao si wa mapipa?"

Ningeweza kumwambia nyumbani. Nilitamani sana iwe nyumbani. Lakini kaniuliza mbele ya watu na Mzee Mapipa alikuwa pale na vifungo vyake.

"Mapipa hayana hata kiluwiluwi mmoja, Mama. Mbu wetu, na wachache wa kwake, ni ndugu wa tumbo moja na wale wa kwenye mfereji. Bi Mkubwa anapenda maji safi ya kina kifupi, yanayopigwa na jua. Tumemchimbia."

Nikaanza kuona midomo ikikaza, mabega yakitikisika, mwenyekiti akitafuta kitu chini ya meza. Watu wote mle ndani walikuwa wameikumbuka methali moja kwa wakati mmoja, ile ya mchimba kisima. Mama aliiona ikija. Akanyoosha kidole, akakipitisha kila kiti.

"Naijua. Mnaijua. Atakayeisema, asije kwangu kuomba chumvi mpaka afe."

Hakuna aliyeisema. Mzee Mapipa ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kifungo kimoja kikamtoka kikaviringika mpaka mbele. Mama alikiokota. Akampelekea mwenyewe, akamwambia kitu ambacho sikusikia, naye akajibu kwa kuinua mkono kwenye paji la uso, saluti ya zimamoto. Mapipa yamebaki.

14 Mei

Mfereji unafukiwa. Mama anapiga koleo, hataki kusaidiwa. Mzee Mapipa alileta koleo lake, akaambiwa aanzie upande wa pili, akaanzia upande wa pili. Hawaongei, ila kila baada ya muda mmoja wao anasema udongo huu mzito na mwingine anasema sana. Kwa ajili ya maji yanayomwagika, mzee amechomeka bomba kwenye pipa la mwisho, linamwaga kwenye bustani ya Mama. Mama anadai ni wazo lake.

Mume wangu alisimama kibarazani na kikombe. Mama akamwambia: "Wewe humo?" Akaweka kikombe chini, akachukua koleo.

21 Mei

Mvua inaelekea kuisha. Nimeosha vichupa kutwa. Yule kijana amerudi kuniita shangazi, nami nimemwitikia.

23 Mei

Mama ameanza tena kunikagua. Sufuria haijasuguliwa vizuri, nywele zangu zinahitaji mkono wa mtu. Nilikuwa nimezikosa kelele hizi, na nimemwambia hivyo wazi. Akasema nisimletee mambo ya sinema.

30 Mei

Mtego wa chumbani kwetu umekuwa mtupu siku kadhaa. Leo asubuhi, nilipokwenda kuchukua kopo la biskuti nilirudishe maabara, nilikuta juu yake kichupa kimoja kimesimama peke yake. Ndani kuna mbu mmoja, mzima, miguu yote, amekaushwa vizuri kwenye punje zake. Pembeni kuna karatasi imebandikwa kwa ugali, na mwandiko ni wa Mama, wa herufi kubwa, wa mtu anayeandika mara chache na kwa uangalifu:

MBU MMOJA. CHUMBANI KWANGU. NIMEMKAMATA MWENYEWE KWA KIKOMBE. SIKUONGEZA.

Nimempeleka maabara leo leo.